Eda Bila Yakini

Chang'ombe, Dodoma
19 Novemba 1996

Mwanangu Yusra,

Pokea salamu zangu, na za majirani wote wanaokuuliza kila siku utakuja lini. Mimi ni mzima wa afya, kuku wanataga, na jirani yetu Marselina amepata mjukuu wa kike mwenye sauti inayofika hadi Msalato. Sijui wewe na vumbi la Kondoa mnaendeleaje. Kile kifua kimepona? Kama bado unakunywa maji bila kuchemsha, nitajua tu.

Baada ya salamu, mwanangu, nina jambo, na nimelizunguka tangu juzi. Baba yako aliondoka tarehe sita Oktoba na lori la unga wa wakimbizi kwenda Bukavu, huko Zaire. Alisema wiki tatu. Wiki tatu zimekwisha, na redio kila siku inataja vita huko huko. Jumamosi mlinzi wa yadi ya kampuni akaniletea barua. Nimeifungua, ni ya Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Lile shirika la zamani, kabla halijauzwa, hata lilipomfukuza mtu kazi lilimfukuza kwa Kiswahili akaelewa. Hawa wa soko huria na Mzungu wao sijui wanadhani dereva ameoa nani.

Baba yako mdogo Hanifu ameizungusha hiyo barua mjini kutwa nzima. Karani mmoja wa mahakama akaisoma akavua kofia, akasema poleni, ndugu yenu amefariki. Mwalimu Pantaleo akasema hapana, wanasema hawana hakika. Yule Munir wa duka la dawa akasema barua inaeleza kwamba anatafutwa. Barua ni hiyo hiyo moja, Yusra, na mume wangu amekufa, hajafa, na anatafutwa.

Hanifu amemwamini karani kwa sababu ana tai. Anataka tusome hitma, nami niingie eda. Sasa nisaidie. Kama Seleman amekufa, natakiwa kukaa ndani miezi minne na siku kumi, bila wanja wala sokoni, na kila siku ninayotoka kwenda kununua mchicha ni aibu juu yangu. Kama yuko hai, kumkalia eda ni uchuro mkubwa, mke kumzika mume kwa mdomo. Mimi sasa hivi nafika mlangoni, nashika kikapu, nakiweka chini, nakishika tena.

Barua yenyewe nimeiweka humu, nimempa dereva wa basi. Umesomea Kiingereza miaka mitatu chuoni. Niambie hawa watu wanajua nini.

Ni mimi mama yako,
Stara


Kondoa
26 Novemba 1996

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kifua kimepona, na maji nachemsha. Natumaini umelala hata kidogo. Nakuomba ule, mama, nakujua.

Barua nimeisoma mara nane. Ya kwanza niliisoma nimesimama, ikabidi nikae. Nitakwambia ilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Kuna jambo moja tu waliloliona kwa macho: lori la baba limekutwa limeungua kandokando ya barabara, halina mtu. Mwili hawakuuona. Yote yaliyobaki ni maneno, na maneno hayo ndiyo yaliyonichanganya.

Wanasema baba "is believed" kuwa alikuwemo. Inaaminika. Ila nani anayeamini, hawasemi. Halafu wanasema ni "likely", yaani inaelekea, kwamba wapiganaji walilisimamisha lori usiku. Wanasema ni "doubtful", kuna mashaka, kama angeweza kufika mpakani kwa miguu. Wanasema "it is possible, though not probable", yawezekana ila haielekei, kwamba yuko pamoja na wakimbizi. Mwishoni kabisa wanasema wanaendelea kuulizia, ila, mpaka itakapothibitika vinginevyo, "he must be presumed dead".

Nilikwenda nayo ofisi ya walimu nikitegemea msaada. Mwenzangu Editha, anayefundisha Kiingereza kidato cha tatu, anasema "likely" na "probable" ni mamoja. Gabrieli wa Hesabu akabisha, akaandika ubaoni sabini kwa mia hapa, thelathini kule, na "possible" akaipa tano. Editha akamuuliza hizo tano amezipima kwa rula gani. Wakagombana kweli, mama, mpaka chai ikapoa, na mimi nimekaa pale namwangalia baba yangu akigawanywa kwa asilimia. Nikaifuta ile hesabu kwa kiganja.

Chuoni nilipata alama A kwenye mtihani wa maneno haya haya. Lakini sentensi zilihusu mvua na treni zinazochelewa. Hakuna aliyeniuliza "presumed" ni nini ikiwa mtu mwenyewe ni baba yako. Kamusi inasema ni kulichukulia jambo kuwa kweli ingawa halijathibitishwa. Nikiulizwa kwa Kiswahili nitasema "inachukuliwa kwamba amekufa". Je, hapo nimekwambia amekufa, au sijakwambia? Mimi mwenyewe sijui.

Shule inafungwa tarehe sita Desemba. Nitapanda basi siku inayofuata. Usiingie eda kabla sijafika, na usimruhusu baba mdogo akuharakishe.

Mwanao anayekupenda,
Yusra


Chang'ombe, Dodoma
1 Desemba 1996

Mwanangu Yusra,

Marahaba. Barua yako imefika na nimefurahi kuona mwandiko wako, hata kama yaliyomo yameniacha pale pale nilipokuwa. Mimi nimekula, leo ugali na mlenda, usianze.

Nimecheka kidogo kwa huyo Gabrieli, Mungu anisamehe. Mwambie sisi tulikuwa na hesabu hiyo kabla yake, na haikutaka ubao. Babu yako, marehemu baba yangu, alipokuwa anatufundisha chuo cha Kurani pale uani, alisema ujuzi wa mtu una daraja nne. Ya juu ni yakini, unapojua kama unavyojua jina la mama yako. Inafuata dhana, moyo umeelemea upande mmoja lakini hujaona. Inafuata shaka, mizani imesimama katikati, huku sawa na kule. Ya mwisho ni wahamu, ule upande mwepesi unaobaki baada ya dhana kuchukua uzito, nao watu huukumbatia kwa sababu wanautamani. Sisi wasichana tulikuwa tunasinzia, lakini fimbo yake iliyafikisha.

Basi chukua hayo maneno ya Mzungu uyatie kwenye magunia manne. Nimejaribu mwenyewe. Hilo lori lililoungua ni yakini. "Likely" naona ni dhana. "Doubtful" sijui ni shaka au ni dhana imevaa shaka. Kuwa na wakimbizi, "possible", nadhani hiyo ni wahamu, na mwanangu, hiyo ndiyo ninayolala nayo. Hilo la mwisho, "presumed", nimeshindwa. Kila gunia ninaloliweka linatoka.

Nimekwenda kwa shehe. Akanijibu vizuri sana, akasema kanuni ni kwamba yakini haiondoki kwa shaka. Ndoa yako, akasema, ni yakini, mtaa mzima ulikula pilau yake. Kifo bado. Nikarudi nyumbani mwepesi. Kufika, nikamkuta Hanifu na wazee wawili barazani, wanasema watu wameanza kunisema: mume ameungua na lori, mke anachagua nyanya sokoni.

Uje upesi. Hili la mwisho shehe anataka kulisikia kwako, kwa sababu wewe ndiye unayelijua.

Mama yako,
Stara


Kondoa
13 Januari 1997

Mama,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Nimefika salama, ingawa basi lilikwama korongoni tukalala humo na mvua juu yetu. Natumaini futari mnapata, na kwamba Marselina bado anakuletea uji, Mkristo wa watu anayefuturisha kuliko sisi wenyewe.

Nilipokuacha nyuma ya pazia, umevaa nguo nyeupe, sikuweza kuaga vizuri. Ndiyo maana naandika. Sijui kama tulifanya sawa, mama. Narudia ile siku ya shehe kila nikilala. Aliniuliza, "Mwalimu, hilo neno la mwisho ni gunia gani?" Wazee wote wakanigeukia, na baba mdogo akanitazama kama anayengoja matokeo ya mtihani. Ningeweza kusema sijui. Lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu akiulizwa haoni haya kwa kingine chochote kama kusema sijui. Nikasema, "Ni dhana yenye nguvu. Ofisini wanaifanyia kazi kama yakini." Shehe akaitikia kwa kichwa akasema dhana yenye nguvu hufanyiwa kazi hata kwetu. Basi. Ijumaa yake hitma ikasomwa, na wewe ukaingia ndani.

Wewe ulisema unakaa eda kwa tahadhari tu, ili ikiwa kweli usiwe umekosa. Lakini nje hakuna aliyesema tahadhari. Nje walisema pole kwa msiba.

Ile barua ya shukrani kwa kampuni, aliyotaka baba mdogo, niliipeleka posta kabla ya kupanda basi. Niliwashukuru kwa rambirambi zao na kuwaarifu kwamba hitma imesomwa tarehe ishirini na mama yuko eda. Niliiandika kwa Kiingereza changu kizuri kabisa, na anwani ya shule. Adabu ni adabu, hata kwa wageni.

Nakuombea subira. Nami niombee.

Mwanao,
Yusra


Chang'ombe, Dodoma
23 Februari 1997

Yusra mwanangu,

Marahaba ya ile barua ya Januari. Sikujibu kwa sababu sikuwa na la kusema. Idi nimeila ndani, nikisikia watoto wanapita na nguo mpya. Afya yangu nzuri. Wewe je? Sasa kaa chini kwanza, kama ulivyokaa ile siku.

Alhamisi, baada ya alasiri, kuna mwanamume amebisha hodi. Mimi nyuma ya pazia, siwezi kumtokea. Mpangaji wetu Paskazia akamkaribisha barazani. Nikasikia sauti imechoka inasema, "Naitwa Ludovick, wa Hombolo, dereva mwenzake Seleman. Naomba kuonana na shemeji." Paskazia akamwambia, "Mama haonani na wanaume, yuko eda." Akauliza, "Eda ya nani?" Akajibiwa, "Ya mumewe." Akauliza tena, "Amekwishaolewa na mwingine?"

Yusra, nilishika pazia nikasema mwenyewe, "Seleman. Eda ya Seleman." Akasema, "Shemeji, Seleman yupi?"

Akaeleza yote, mimi nimekaa chini nimeegemea ukuta, na pazia kati yetu. Anasema waliyaacha malori wenyewe, yeye na baba yako, usiku mmoja kabla hayajachomwa, kwa sababu risasi zilikuwa zinalia mbele. Wakatembea na wakimbizi porini siku kumi na mbili. Baba yako mguu ukavimba. Wakafika penye zahanati ya mapadri. Ludovick homa ilikuwa haijamshika bado, akaendelea na kundi linaloelekea ziwani, baba yako akabaki apone mguu. Alimpa salamu za kunipa mimi. Ludovick akavuka, akaugua Kigoma miezi miwili, hana hata sauti ya kupiga simu. Salamu zenyewe ni kwamba kile kisu changu cha jikoni alichoondoka nacho alikisahau kwenye lori, nisimlaumu. Nani anatunga salamu kama hizo? Hizo ni za Seleman mwenyewe.

Nimemuuliza, "Kwa hiyo yuko hai?" Akasema, "Shemeji, nilipomwacha alikuwa hai. Hiyo ilikuwa katikati ya Novemba. Tangu hapo vita vimepita hapo pia. Sijui."

Sasa nifanye nini? Lori lililokuwa yakini yangu pekee limekuwa si kitu. Hanifu anasema nimalizie tu eda, zimebaki siku sitini, isije ikaonekana tulicheza. Nikamwambia eda si ugali, kwamba ukishaupika lazima uliwe. Lakini nikitoka, natoka nikiwa nani? Waliokuja kunipa pole niwarudishie pole zao? Kichwa kimejaa, mwanangu, na usiku nimemlilia baba yako kwa mara ya kwanza, sijui kwa furaha au kwa nini.

Mama yako,
Stara


Kondoa
3 Machi 1997

Mama yangu,

Shikamoo. Sijambo kwa mwili tu. Barua yako niliisomea kwenye bweni la wasichana, nilikokuwa nakagua vitanda, nikashindwa kutoka mpaka wakaja kuniita.

Mama, kuna jambo sikukwambia, si kwa kuficha, bali kwa sababu sikulielewa. Tarehe kumi na mbili Februari kampuni ilinijibu. Barua fupi. Niliisoma, nikaiweka kwenye daftari la mahudhurio, na nisamehe, nilifarijika kwamba hatimaye wameandika Kiingereza kinachoeleweka. Hamna "likely" wala "possible". Wanasema wanashukuru kwa familia kuthibitisha kifo. Wanasema, kwa kuwa ndugu zake mwenyewe wamekwisha kumfanyia ibada za mwisho, jambo hili sasa ni "beyond doubt", halina shaka tena. Na wanasema yule mtu wao aliyekuwa Kigoma akiulizia miongoni mwa wakimbizi wamemrudisha, kwa kuwa haja ya kutafuta imekwisha.

Walikuwa na mtu Kigoma, mama. Ludovick alikuwa amelala Kigoma hiyo hiyo. Walikuwa wanamtafuta baba, na barua yangu ya adabu ndiyo iliyowaambia waache.

Wao hawakuwa na hakika, nasi tukasikia hakika kwao. Sisi tulikaa eda kwa tahadhari, nao wakasikia hakika kwetu. Na aliyekuwa katikati akifasiri huku na kule ni mimi, mwenye alama A.

Nimeandika barua ya kukanusha, nakuletea nakala na tafsiri yake. Nimesema kuna mashaka makubwa juu ya taarifa iliyotangulia, kwamba inawezekana, pengine hata inaelekea, kwamba baba alikuwa hai katikati ya Novemba, ingawa hali yake ya sasa haina hakika. Nimeibadilisha mara kumi na moja. Nikiweka neno zito naogopa nasema uongo, nikiweka jepesi naogopa hawatainuka vitini. Niambie kama hii niitume. Siwezi tena kuchagua peke yangu.

Nisamehe.

Mwanao,
Yusra


Chang'ombe, Dodoma
16 Machi 1997

Mwanangu mpenzi Yusra,

Marahaba, tena marahaba. Mimi ni mzima, na natumaini barua hii itakukuta unakula. Kama hulali, muombe Editha akulaze hata kwa ugomvi.

Rasimu yako nimeisoma. Ni nzuri sana na sijaelewa kitu. Usiitume.

Kwanza nikwambie, nimetoka. Jumatatu niliondoa pazia, nikaoga, nikajipaka wanja, nikajifunga kanga ile ya zambarau. Sikumuuliza Hanifu. Kwa shehe nilipita, nikamweleza ya Ludovick, akasema, "Nilikosea kuharakisha, Mungu anisamehe, rudi kwenye ndoa yako." Sokoni watu wametawanyika wasijue waniamkie vipi. Mama mmoja amenipa pole na hongera kwa pamoja.

Halafu nikaenda yadi ya kampuni na Ludovick, kwa miguu yangu. Mzungu mwenyewe alikuwepo, mrefu, ana macho ya mtu asiyelala. Karani wao Yotham akawa anafasiri. Mzungu akafungua faili akanionyesha barua yako. Akasema, "Lakini nyinyi wenyewe mlithibitisha." Nikamwambia, "Sisi tuliwasikiliza nyinyi." Akasema, "Na sisi tuliwasikiliza nyinyi." Tukatazamana. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, nami nilimwonea huruma, sikutegemea. Wote wawili tumeegemeana, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesimama juu ya kitu.

Ludovick akasimulia, Mzungu akaandika, jina la zahanati akaliandika mara mbili. Halafu akaanza yale maneno yake, huenda, yawezekana, uwezekano ni mdogo, na Yotham anahangaika kuyafasiri, jasho linamtoka. Nikamkatiza. Nikasema, "Baba, ngoja. Wewe unajua alipo?" Yotham akauliza. Mzungu akasema hapana. Nikasema, "Na mimi sijui. Basi liandike hilo kwenye faili, hilo tu, halafu mrudishe mtu wako Kigoma." Akakaa na kalamu mkononi. Akaandika. Anasema mtu ataondoka wiki hii. Ataondoka kweli, hataondoka, sijui. Nitapita yadi kila Jumatatu niulize.

Kwa hiyo kwenye barua yako, mwanangu, andika: hatujui, mtafuteni. Usiongeze neno la tatu. Huku kuona haya kusema sijui ndiko kulikotufikisha hapa, na si wewe peke yako. Shehe aliona haya, Hanifu aliona haya, yule karani wa tai aliona haya, na mimi niliona haya kwa ajili ya nyanya. Barua ya shukrani uliiandika kwa sababu nilikulea uwe na adabu. Kama kuna kosa humo basi tugawane, na la kwangu ni kubwa zaidi. Usiniombe tena msamaha.

Watu wananiuliza kama nina mume. Nawajibu sijui. Hitma tuliisoma, Yusra, lakini mimi sijazika mtu.

Ni mimi mama yako,
Stara wa Seleman